Uchaguzi Mkuu Mdogo wa 1966: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila uchaguzi mdogo unapotangazwa huku kwetu, iwe Malava, iwe Ugunja, hapa Nakuru hakosi mzee wa kusema, "Hizi ni za watoto. Mngeiona ya sitini na sita!" Vijana wakimwomba asimulie, hadithi huwa nusunusu: mara Odinga aliibiwa, mara Oneko alikimbia Nakuru, mara KPU, chama kipya cha Odinga, ilishinda kote. Miaka mingi nimefundisha historia na maswali kuhusu uchaguzi ule hayabadiliki. Nimeyaweka pamoja na kuyajibu. Pale ambapo ni maoni yangu, utayatambua, maana sikuyaficha.

Uchaguzi mdogo unawezaje kuitwa "mkuu"?

Kwa kawaida uchaguzi mdogo ni wa kiti kimoja. Mbunge amefariki, au amejiuzulu, au mahakama imefuta ushindi wake, basi watu wa eneo lake wanarudi kwenye kituo cha kura peke yao huku nchi nzima ikiwatazama. Juni 1966 viti 29 vilijazwa kwa mkupuo: 19 vya Baraza la Wawakilishi na 10 vya Seneti. Bunge la wakati huo lilikuwa na mabaraza mawili, kama lilivyo sasa. Chaguzi zilikuwa nyingi mno kuitwa ndogo, lakini nchi nzima haikupiga kura, kwa hiyo hazikuwa uchaguzi mkuu. Magazeti yakaunganisha maneno mawili na jina likashika.

Viti 29 vilibaki wazi vipi kwa wakati mmoja? Kulikuwa na ajali?

Hakufa mtu. Chama kiligawanyika.

Ndani ya KANU, chama tawala, kulikuwa na kambi mbili tangu kabla ya uhuru, na baada ya 1963 zikazidi kutengana. Upande mmoja walikuwa Rais Jomo Kenyatta na Katibu Mkuu wa chama, Tom Mboya. Upande wa pili alikuwa Makamu wa Rais, Jaramogi Oginga Odinga, pamoja na kina Bildad Kaggia, Achieng' Oneko na, hadi alipouawa kwa risasi Februari 1965, Pio Gama Pinto. Waligombana juu ya ardhi, juu ya nani anafaidi uhuru, na juu ya nchi iegemee upande gani kati ya Marekani na Urusi.

Machi 1966 mkutano wa wajumbe wa KANU ulifanyika Limuru. Cheo cha Odinga cha makamu wa rais wa chama kilifutwa, na mahali pake vikawekwa vyeo vinane, kimoja kwa kila mkoa na Nairobi. Kaggia alichaguliwa kuwakilisha Mkoa wa Kati. Kura ikarudiwa, safari hii akashinda James Gichuru. Bonde la Ufa likampata Daniel arap Moi, ambaye miaka miwili tu nyuma alikuwa upinzani. Odinga alielewa ujumbe huo bila kufafanuliwa. Tarehe 14 Aprili alijiuzulu umakamu wa rais wa nchi na kuchukua uongozi wa chama kipya, Kenya People's Union, yaani KPU. Karibu wabunge na maseneta 30 wakamfuata. Oneko, aliyekuwa Waziri wa Habari, akajiuzulu muda mfupi baadaye.

Nafasi ya Odinga ilikwenda kwa Joseph Murumbi, mzaliwa wa Eldama Ravine hapa jirani. Hakudumu, Januari 1967 kiti kilikuwa cha Moi.

Kuhama chama peke yake kunamtoaje mtu Bungeni?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na watu wengi hulipita haraka.

Odinga alipojiuzulu, hakukuwa na sheria yoyote Kenya ya kumnyang'anya mbunge kiti kwa sababu amebadilisha chama. Ulichaguliwa wewe, jina lako, na watu wako. Ukitaka kukaa upande mwingine wa ukumbi, unakaa. Waliomfuata Odinga waliondoka KANU wakijua hivyo. Walitazamia kuwa upinzani rasmi ndani ya Bunge lile lile, wakiwa na viti vile vile.

Serikali ikatunga sheria wakiwa tayari wamekwisha kuhama. Kwa siku chache tu mwishoni mwa Aprili, marekebisho ya katiba yalipelekwa Bungeni, yakajadiliwa na kupita katika mabaraza yote mawili. Yalisema kwamba mbunge aliyechaguliwa kwa tikiti ya chama, kisha akakihama chama hicho, kiti chake kinakuwa wazi papo hapo. Akikitaka tena, arudi kwa wapiga kura.

Baadhi ya waliokuwa wameondoka waliposikia upepo unakovuma walijaribu kurudi KANU. Wakakuta mlango umefungwa.

Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi. Mtu amepigiwa kura kwa jina la jogoo, alama ya KANU, sasa anataka kutumikia chama ambacho wananchi hawajawahi kukisikia, kwa nini asiwaulize kwanza? Nimewahi kuitoa hoja hiyo darasani na wanafunzi wakakubali wote kwa kauli moja. Kisha nawapa swali linalofuata.

KADU walipohamia KANU mwaka 1964, walirudi kwa wananchi?

La.

KADU, chama cha upinzani wakati wa uhuru, ilivunjwa Novemba 1964. Wabunge wake wote, Ronald Ngala na Moi wakiwemo, walihamia upande wa serikali na kuendelea kukaa. Hakuna kiti hata kimoja kilichotangazwa kuwa wazi. Eti walikuwa wanaleta umoja.

Sheria ya 1966 iliandikwa kwa ujanja ili isiwaguse. Ilisema mbunge anapoteza kiti akihama chama ambacho bado kina watu Bungeni. Chama kikiwa kimevunjwa, aliyekihama ni mtu huru. Kwa hiyo waliovuka kutoka KADU walikuwa salama, na waliovuka kwenda KPU wakanaswa. Ukiisoma bila kujua habari za Limuru utadhani ni kanuni ya haki kwa kila mtu. Ukizijua, unaona imeshonwa kwa vipimo vya watu fulani, kama suti.

Oneko ni Mjaluo wa Uyoma. Alipataje kiti cha Nakuru?

Swali hili huulizwa na vijana waliozaliwa baada ya 1992, na siwalaumu; siasa walizozikuta ni za kila kabila na kwao.

Achieng' Oneko alikuwa mmoja wa wale sita wa Kapenguria, pamoja na Kenyatta, Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai na Kung'u Karumba. Walikamatwa Oktoba 1952 wakashtakiwa kuongoza Mau Mau. Oneko alishinda rufaa, lakini wakoloni hawakumwachilia. Alizungushwa kizuizini hadi 1961. Alipotoka akawa katibu binafsi wa Kenyatta. Kwa Wakikuyu wa Nakuru, huyu alikuwa Mjaluo aliyefungwa kwa ajili yao na hakuwasaliti. KANU ilipompa tikiti ya Nakuru Mjini mwaka 1963, mji wa wafanyakazi wa reli, makarani, wachuuzi na watu waliofukuzwa mashambani ulimchagua.

Nakuru ya wakati huo ilikuwa katikati ya zile Nyanda za Juu za Wazungu. Walowezi walikuwa wanauza mashamba na kuondoka, na kila treni ilishusha familia nyingine iliyosikia kwamba kuna ardhi. Kubai alikuwa mbunge wa Nakuru Mashariki. Kwa hiyo wawili kati ya sita wa Kapenguria walikuwa wabunge wa wilaya hii moja, na 1966 wakajikuta kila mmoja upande wake: Kubai alibaki KANU.

Kampeni zilikuwaje?

KANU alama yake jogoo, KPU alama yake dume la ng'ombe. Katika nchi ambayo wengi hawakujua kusoma, alama ilikuwa ndiyo chama. Mtu wa KPU alikusalimia "Dume!" nawe ukaitikia, na tayari mmejuana.

Ujumbe wa KPU ulikuwa juu ya tumbo na shamba. Kwa nini mtu aliyenyang'anywa ardhi na mkoloni alipe mkopo ili airudishiwe? Kwa nini karo? Kwa nini waziri wa jana aliyekuwa akitembea kwa miguu leo ana mashamba? Kaggia alikuwa hodari katika hili. Mwaka mmoja kabla, Kenyatta alimsuta hadharani kule Kandara kwa kutojijengea mali wakati wenzake wa jela walikuwa na kahawa na nyumba. Wapo wanaosimulia kisa hicho wakimcheka Kaggia. Mimi hukisimulia nikimvulia kofia.

KANU ilijibu kwamba hakuna cha bure duniani, kwamba KPU inalishwa na pesa za Wakomunisti, na kwamba Odinga anataka kumpindua Baba wa Taifa. Mboya ndiye aliyekuwa injini: mpangaji na msemaji.

Lakini ulingo haukuwa sawa. Ili ufanye mkutano wa hadhara ulihitaji leseni, na leseni ilitolewa na serikali ya mkoa. KANU ilipata, KPU ilizungushwa. Machifu na wakuu wa wilaya (ma-DC) walijua mwajiri wao ni nani. Redio ya taifa, Sauti ya Kenya, ilikuwa mali ya serikali na iliimba wimbo wa serikali. Hapo mimi hukumbusha kwamba waziri aliyekuwa na redio hiyo mkononi mwake hadi Aprili alikuwa Oneko mwenyewe. Redio ilichukuliwa na serikali mwaka 1964 yeye akiwa waziri. Alisaidia kuisuka kamba ile.

Nakuru ilimkataa Oneko kwa sababu ya ukabila tu?

Alishindwa na Mark Mwithaga wa KANU. Hilo halina ubishi. Sababu ndiyo inayobishaniwa, na kila kijiwe kina yake.

Ukabila ulikuwepo. Wakikuyu walikuwa wengi mjini, Kenyatta alikuwa upande mmoja, Odinga upande mwingine, na KANU haikuona haya kuufanya uchaguzi uwe swali la nani wetu na nani si wetu. Lakini ukabila pekee haumalizi hesabu, maana Kaggia, Mkikuyu wa damu, alishindwa vile vile kwake Kandara. Kama ingekuwa kabila tu, Kandara ingempa kura zake zote.

Nionavyo mimi, watu walipima hasara. Mtu wa Nakuru mwaka 1966 alikuwa anangoja kitu kutoka serikalini: kipande katika mpango wa makazi, leseni ya duka, nafasi ya mtoto shuleni, cheti cha kampuni ya kununulia shamba. Mwenye kugawa vitu hivyo alikuwa serikali. Mbunge wa upinzani angekufungulia mlango gani? Huenda uliyaamini maneno ya KPU kuhusu ardhi, na bado ukaogopa kwamba ukiyapigia kura, jina lako litarukwa kwenye orodha. Ukiwa na watoto watano kibandani, hofu hiyo ni ya akili timamu.

Mwithaga, kwa njia, hakugeuka kibaraka. Miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa wabunge waliowasumbua wakubwa. Nakuru ina tabia hiyo: humleta mtu kwa ajili ya kazi moja, naye akafanya nyingine.

Na Bondo, Kisumu na Siaya?

Huko KANU ilifagiliwa. Odinga alirudi Bungeni kutoka Bondo kwa kura za kutisha, na wenzake wa Nyanza ya Kati waliofuata dume wakarudi naye: Tom Okelo-Odongo, Luke Obok, Okuta Bala, Ondiek Chillo. Wote hao walikuwa wamehama naye na wote watu wao wakawaambia nendeni.

Ila si kila kiti cha Waluo kilikuwa kwenye kinyang'anyiro, na jambo hili husahaulika. Uchaguzi ulifanyika tu pale ambapo mbunge alihama. Mboya hakuhama. Argwings-Kodhek wa Gem hakuhama. Kwa hiyo Waluo walikuwa pande zote mbili, na wale wa KANU walibaki vitini mwao bila kuulizwa na mtu.

KPU ilikuwa chama cha Waluo peke yao?

Matokeo yaliifanya ionekane hivyo, na KANU ilifurahi kuyasoma hivyo. Lakini kati ya saba waliorudi Baraza la Wawakilishi alikuwemo George Oduya, mtu wa upande wa Busia kule magharibi, na mmoja kutoka Machakos, Ukambani. Makamu kiongozi wa chama alikuwa Kaggia. Waliosimama na kuanguka walitoka sehemu nyingi za nchi. Walioanguka ndio waliokibadilisha chama sura, maana baada ya Juni aliyesikika Bungeni kwa niaba ya KPU alikuwa karibu kila mara mtu wa Nyanza.

Ni kweli KPU ilipata kura nyingi lakini viti vichache?

Ni kweli. Katika viti 29, KANU ilichukua 20 na KPU 9 (saba vya Wawakilishi, viwili vya Seneti). Lakini ukizijumlisha kura, KPU ilikuwa mbele.

Watu wakisikia hivyo husema "wizi!" Kuna mambo mengi ya kulalamikia katika uchaguzi ule, ila hili la hesabu halihitaji mwizi. Chukua mfano wa kubuni. Eneo la kwanza: dume 9,000, jogoo 500. Eneo la pili: jogoo 3,000, dume 2,000. Eneo la tatu: jogoo 3,200, dume 1,900. Dume ana kura 12,900 na kiti kimoja. Jogoo ana 6,700 na viti viwili. Nyanza ilijaza masanduku hadi pomoni, na kura zote zilizozidi ushindi hazikununua chochote. Kwingine KANU ilishinda kwa watu wachache waliojitokeza, na kiti ni kiti.

Mfumo ni huo huo mpaka leo. Chama chenye ngome moja iliyojaa sana hupoteza kura kama gunia lililotoboka.

Nani aliruhusiwa kupiga kura?

Raia aliyejiandikisha, mwenye miaka 21 au zaidi. Umri ulishushwa hadi 18 mwaka 1974. Wake kwa waume.

Maseneta walioshinda Juni walifanya nini?

Walikaa miezi sita.

Desemba 1966 katiba ilibadilishwa tena na Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi. Kulikuwa na maseneta 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Ili wasiipinge hoja ya kujiua, waliundiwa maeneo bunge mapya 41, na hesabu ya maeneo bunge ikapanda kutoka 117 hadi 158. Muda wa Bunge pia ukaongezwa, hivyo waliokuwa tayari ndani walipata miaka ya ziada bila kuwarudia wananchi. Ukumbuke kwamba ni Bunge hilo hilo lililokuwa limehubiri, miezi minane nyuma, utakatifu wa kumrudia mpiga kura. Seneti haikurudi hadi 2013.

KPU ilishinda uchaguzi mwingine wowote baadaye?

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 1968 ungekuwa nafasi yao, lakini wagombea wa KPU walienguliwa kwa wingi kwa madai kwamba karatasi zao za uteuzi hazikujazwa sawasawa. Wagombea wa KANU, inaonekana, walikuwa na mwandiko mzuri sana.

Kisha ikaja Gem. Januari 1969 Argwings-Kodhek, wakili Mwafrika wa kwanza Kenya na wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, alifariki baada ya tukio la barabarani Nairobi. Kiti cha Gem kikawa wazi, na mwezi wa Mei Wasonga Sijeyo wa KPU akakichukua. Uchaguzi huo ninauona mzito kuliko hata wa Bondo, kwa sababu Gem haikuwa ngome ya Odinga. Ilikuwa imekaa na KANU miaka yote mitatu. Serikali ilipeleka wakubwa wake na bado ikaanguka. Uchaguzi mkuu ulikuwa njiani, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na ushahidi wa sanduku la kura kwamba chama kidogo kilikuwa kinakua.

Mbona basi hatukuiona KPU katika uchaguzi mkuu wa 1969?

Kwa sababu haikuwepo tena. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi, na Waluo waliokuwa wamegawanyika kati ya jogoo na dume wakawa kitu kimoja kwa msiba. Tarehe 25 Oktoba Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi. Umati ulipiga kelele za "Dume!", yeye na Odinga wakarushiana maneno makali hadharani, vurugu zikazuka na askari wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Kisumu haijawahi kuikubali hesabu hiyo, na ukikaa na wazee wa Kondele au Manyatta watakutajia kubwa zaidi. Watu bado wanaiita hospitali hiyo "Russia", ingawa sasa jina lake rasmi ni la Odinga mwenyewe.

Siku tano baadaye, tarehe 30 Oktoba, KPU ilipigwa marufuku. Viongozi wake wakawekwa kizuizini. Uchaguzi wa Desemba ukafanywa na chama kimoja.

Sheria ya kuhama chama bado ipo?

Ipo, na imepitia kila mkono. Katika miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi, wabunge wa upinzani walioshawishiwa kujiunga na KANU walilazimika kuviacha viti na kusimama upya, na wengine walitoka kule Kakamega. Raila Odinga naye aliitumia kwa faida yake: aliiacha FORD-Kenya, akajiuzulu kiti cha Lang'ata, akagombea kwa tikiti ya NDP na kushinda mwaka 1997. Baba alitegwa nayo, mwana akaipanda kama farasi.

Katiba ya 2010 imeihifadhi katika Ibara ya 103: mbunge akijiuzulu kutoka chama kilichomleta, au akihesabiwa kisheria kuwa amejiuzulu, kiti kinakuwa wazi. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inaeleza lini mtu anahesabiwa hivyo, kwa mfano akikipigia debe chama kingine. Fungua runinga jioni yoyote uhesabu wabunge wanaofanya hivyo mchana kweupe na bado wako ndani. Ukali wa 1966 ulikuwa katika utekelezaji: siku chache, na watu nje.

Siku hizi kiti kikibaki wazi, tunangoja muda gani?

Ibara ya 101 inampa Spika siku 21 kuiarifu tume ya uchaguzi, na uchaguzi ufanyike ndani ya siku 90 tangu kiti kiwe wazi, isipokuwa uchaguzi mkuu ukiwa karibu sana. Hiyo ni karatasi. Watu wa Ugunja, Siaya, walikaa bila mbunge tangu Opiyo Wandayi alipoteuliwa kuwa waziri mwaka 2024 hadi Novemba 2025, kwa sababu tume yenyewe haikuwa na makamishna wa kuendesha uchaguzi. Malava, waliompoteza Malulu Injendi Februari 2025, walipiga kura siku hiyo hiyo ya tarehe 27 Novemba.

Mwaka 1966 viti 29 vilijazwa kwa takriban wiki saba au nane tangu sheria ipite. Serikali ikiwa na hamu, mambo huenda.

Oneko aliishia wapi?

Alikamatwa 1969 na kukaa kizuizini hadi 1975. Ukijumlisha na ile ya wakoloni, alifungiwa karibu miaka 15, na sehemu ya pili ilitoka kwa Kenyatta, mtu ambaye yeye Oneko aliwahi kuwa katibu wake. Mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 72, alisimama tena, safari hii kwao Rarieda, kwa tikiti ya FORD-Kenya, akashinda. Alifariki Juni 2007. Nakuru haikumrudisha, na yeye hakuiomba tena.

Nikitaka kusoma mwenyewe, nianzie wapi?

Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa ina ofisi Nakuru, Kisumu na Kakamega, si lazima uende Nairobi. Lakini mimi ningekuambia anza na Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ya siku za mwisho za Aprili 1966. Utahitaji Kiingereza, kwa sababu Kiswahili hakikuruhusiwa Bungeni hadi 1974. Wabunge walikuwa wanagombania roho za watu wa Kandara na Bondo kwa lugha ambayo wengi wa watu hao hawakuielewa. Soma polepole. Angalia nani anazungumza juu ya haki ya mpiga kura, kisha rudi nyuma hadi Novemba 1964 utafute mtu huyo huyo alisema nini KADU walipoingia.